Kamba ya Mashine ya Salfa

Mashine ya salfa, ile ya kupulizia mikorosho unga wa dawa, haina ufunguo. Unaiweka chini, unaikanyaga kitako isiyumbe, unashika kamba kwa mkono wa kulia na kuivuta hadi kiwiko kipite nyuma ya mbavu, mara mbili, tatu, mpaka injini ikubali. Juni 2017, shambani Tandahimba, mkoani Mtwara, nilivuta mara moja tu, mkono ukabaki unaning'inia kama wa mtu mwingine. Ubwiriunga, ukungu mweupe unaoshambulia mikorosho, haumsubiri mgonjwa. Mikorosho ilikuwa inachanua, na salfa inarudiwa kila baada ya wiki mbili. Kijana wa jirani akavuta, mimi nikabeba mgongoni.

Bega lenyewe lilikuwa na deni la miaka mitatu. Mwaka 2014 nilikuwa napogoa, tawi likakatika chini ya mguu, nikatua kwa mkono ulionyooka. Eksirei ikaonyesha mfupa mzima. Nikafungwa kombeo, nikaambiwa wiki mbili. Nikakaa nalo sita kwa sababu lilinipa raha. Raha hiyo ina gharama: mkono uliofungwa muda mrefu misuli yake inasinyaa na kifuko cha kiungo kinakakamaa. Baada ya hapo mzee mmoja akanichua kwa mafuta ya ufuta ya moto, akimaliza kuchua ananivuta mkono mpaka unalia. Kuchua hakukunidhuru. Kuvutwa ndiko kulikonilaza macho.

Eksirei ya pili, 2016: mfupa mzima. Nikapewa diklofenaki, dawa ya maumivu, nikaimeza wiki nyingi, mara nyingine tumbo tupu, hadi kiungulia kikawa ugonjwa wa pili. Nilichokuwa sijakielewa ni kitu kidogo tu: eksirei inaonyesha mfupa; kano, zile kamba zinazoshikiza misuli kwenye mfupa, haizionyeshi. Picha kuwa safi haikuwa na maana kwamba bega ni zima.

Mwezi Julai nikapanda basi la alfajiri kwenda Mtwara mjini. Lami ilikuwa haijafika kwetu, na kila shimo nililipokea kwa kuushika mkono wa kulia kwa wa kushoto. Nilielekezwa chumba cha mazoezi tiba: kitanda kimoja, kioo kirefu ukutani, na dada mmoja ambaye umri wake ungeweza kuwa wa binti yangu.

"Shikamoo baba. Vua shati, lakini taratibu, nataka nione unavyolivua."

Nilitoa mkono mzima kwanza, kisha nikaliteremsha shati kwenye mkono mbovu. Akaandika. Halafu maswali, na kila swali lilikuwa na kazi yake. Maumivu yanashuka kupita kiwiko? Vidole vinakufa ganzi? Ingekuwa ndiyo, angeanza na shingo, maana mishipa ya fahamu ya mkono inatokea huko. Yanakuja ukitembea mwendo mrefu au ukipanda kilima, pamoja na kifua kubana? Hilo angelipeleka kwa daktari wa moyo siku ileile. Homa? Kupungua uzito? Una sukari? Akataka nipimwe damu kabla hajanigusa, kwa sababu wenye kisukari mabega yao huganda zaidi ya watu wengine. Yangu ilikuwa kawaida.

Ndipo akaniweka mbele ya kioo, niinue mkono kwa pembeni. Hadi usawa wa kifua, sawa. Kuanzia hapo hadi juu kidogo ya bega, moto. Nilipolazimisha ukapita, na juu kabisa maumivu yakapungua. Akatabasamu, jambo lililoniudhi. Akanilaza, akanishika kiwiko, akauinua mkono mwenyewe nikiwa nimelegea. Ukafika hadi sikioni. Akakunja kiwiko na kuuzungusha mkono kwa nje; ukaenda sawa na wa kushoto.

"Umeona, baba? Nikikuinulia mimi, unafika. Bega lililoganda halifiki hata nikivuta mimi. Kwa hiyo kiungo kiko wazi, mwenye shida ni anayekivuta."

Kipimo cha mwisho alikiita cha kopo. Mikono yote miwili mbele, imeachana kidogo, vidole gumba vikielekea chini kama unamwaga maji, naye anakandamiza. Wa kushoto ulimkatalia. Wa kulia ulishuka.

Akachora nyuma ya karatasi ya majibu. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, kikalio chake kwenye kombe la bega ni kidogo, kama chungwa juu ya kisahani cha chai. Kinachozuia chungwa lisidondoke ni kano nne zinazolizunguka. Moja inapita juu, chini ya paa la mfupa, kwenye uwazi mwembamba. Hiyo ndiyo iliyojeruhiwa nilipoanguka, na kila nilipoinua mkono ilibanwa na paa. Kama imechanika kidogo au imechubuka tu, alisema, mikono yake haiwezi kuona. Ultrasaundi ya bega, au picha ya sumaku iitwayo MRI, ingeona. Ila kwa umri wangu, na mkono ambao bado unajiinua wenyewe, mazoezi ya wiki 12 yangeanza vilevile. Kama ningeshindwa kabisa kuuinua, angeniandikia rufaa siku hiyo.

Nikauliza sindano ya bega. Akasema ipo, daktari anaweza kuchoma, inatuliza kwa wiki kadhaa. Lakini kuirudiarudia kunadhoofisha kano, na utulivu wake humdanganya mkulima akarudi kwenye gunia mapema.

Vifaa vya tiba vilinigharimu tyubu ya baiskeli tu. Unaikata utepe wenye urefu wa mkono, upana wa vidole viwili, unaufunga kwenye bawaba ya mlango usawa wa kiwiko. Wiki mbili za kwanza tyubu haiguswi: unasimama pembeni ya ukuta, kiwiko kimekunjwa, unausukuma ukuta kwa mgongo wa kiganja bila mkono kusogea, hesabu 10, mara tano, kwa theluthi ya nguvu zako. Kisha tyubu: kitambaa kilichokunjwa kati ya kiwiko na mbavu, unavuta kwa nje hesabu mbili, unarudisha hesabu nne. Mara 10, raundi tatu, siku moja ndiyo na moja hapana. Kitambaa kikidondoka, umeacha kutumia kano na unatumia mwili mzima. Bega likipanda kuelekea sikioni, tyubu ni ngumu mno. Maumivu ya tatu kwa kumi yanaruhusiwa, mradi asubuhi yawe yameondoka. Yakilala hadi kesho, unapunguza raundi.

Kulala nako kuna namna: chali, mto mdogo chini ya kiwiko, mkono usizame nyuma. Usiku wa tatu nililala hadi adhana. Ukweli ni kwamba mto ule ulinisaidia mapema kuliko zoezi lolote.

Wiki ya tano niliharibu. Nilijiona nimepona, nikapandisha gunia la korosho begani ghalani, siku nne nikarudi ukutani. Na tyubu kuukuu ina tabia yake: jua linaikausha, inapasuka karibu na fundo, na ikikatika unajipiga kifuani mbele ya watoto. Iangalie fundoni kila wiki.

Juni 2018 nilivuta kamba mwenyewe. Sikuivuta kama zamani. Kiwiko karibu na mbavu, kiuno ndicho kilichogeuka. Injini ikawaka mara ya pili. Nikiinua ndoo ya maji kuiweka juu ya tangi, bega bado linanguruma kidogo, na gunia sijalipandisha tena. Tyubu ya mlangoni mwanangu wa mwisho alishaikata manati.