Mtu wa 212

Februari 1988 nilikuwa na umri wa miaka 22, mwalimu asiye na cheti katika shule ya msingi ya kijijini kwetu, chini ya Mlima Kenya. Kwa kuwa mwandiko wangu ulisifiwa, niliteuliwa kuwa karani siku ya mchujo wa wagombea ubunge wa KANU, chama pekee kilichoruhusiwa kisheria wakati huo.

Walioanza kupiga kura miaka ya karibuni huona taabu kuusadiki mlolongo. Hapakuwa na karatasi wala sanduku. Wakala wa kila mgombea alisimama uwanjani akiwa ameinua picha ya mtu wake, na wanachama wenye kadi wakajipanga nyuma ya picha waliyoipenda, mbele ya chifu, mbele ya mwajiri, mbele ya yule aliyewakopesha karo. Aliyepata asilimia 70 au zaidi alihesabiwa kuwa amekwisha kupita, na kura ya siri ya mwezi Machi haikumhusu tena. Baraza la Kitaifa la Makanisa lilikuwa limeupinga utaratibu huo tangu 1986, likisema kwamba mchungaji hawezi kusimama nyuma ya picha moja siku ya kura, kisha akawa mchungaji wa kundi zima siku ya Jumapili. Askofu wetu, David Gitari, alihubiri mwaka 1987 juu ya Danieli na sheria iliyotungwa ili kumnasa mtu mwaminifu, akashambuliwa na wanasiasa kwa wiki kadhaa. Baba yangu, aliyekuwa mzee wa kanisa, aliyafuatilia mabishano hayo gazetini. Hata hivyo siku ilipofika alikwenda kupanga mstari, kwa sababu kwake kukaa nyumbani kulikuwa sawa na kuwaachia wengine uwanja.

Nilianza na mlolongo mrefu. Ulitoka kwenye mlingoti wa bendera, ukazunguka goli la upande wa mto, ukapita chini ya mikalitusi na kuishia karibu na lango, walikosimama akina mama wenye watoto mgongoni. Niliagizwa nimguse kila mtu begani huku nikitaja nambari kwa sauti, askari wa utawala akinifuata nyuma. Baba alikuwa amevaa koti lake la kahawia la ibada, kofia ameishika mkononi ingawa jua lilikuwa kali. Nilipomfikia nilisita, maana kumgusa baba yako begani kama mbuzi wa mnadani si jambo dogo. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Hesabu, mwanangu." Nikasema mia mbili na kumi na mbili, nikaendelea.

Mlolongo ule ulifika watu 611. Wa pili, ambao haukulifikia hata jiko la shule, ulikuwa na watu 94.

Ndani ya darasa la nne msimamizi wa kituo alifunga dirisha, akaiweka fomu juu ya dawati na kunitajia hesabu mbili zilizokuwa kinyume kabisa cha daftari langu. Nilidhani amechanganya majina, nami kwa ujinga wa ujana nikamsahihisha. "Mwalimu," alisema kwa upole, "wewe una mwandiko mzuri. Andika tu." Hakunitisha. Kwa miaka mingi nimetamani angenitisha, ili nami nipate cha kujitetea. Nilichokifikiria dakika ile ni nafasi ya chuo cha ualimu, ambayo barua yake ya mapendekezo ilihitaji mhuri kutoka ofisi yake. Niliandika 94 mahali pa 611, na 611 mahali pa 94, kisha nikapiga mstari chini kwa rula.

Matokeo yalipotangazwa kwa kipaza sauti, watu walikuwa bado wamesimama mahali pao, hivi kwamba aliyetaka kuuona uongo alihitaji kugeuza shingo tu. Hakuna aliyerusha jiwe. Mwanamke mmoja alicheka kwa nguvu, kicheko kisicho na furaha, halafu wakaanza kutawanyika.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya Kwaresima, na kasisi alikuja kutupa Meza ya Bwana. Alizisoma amri kumi moja baada ya nyingine, nasi tukaomba rehema baada ya kila moja. Alipofika kwenye "Usimshuhudie jirani yako uongo", msimamizi wa kituo, aliyekuwa benchi la tatu, aliitikia kwa sauti ya juu kutushinda sote, na baadaye akaenda mbele kupiga magoti. Mimi nilibaki nimekaa. Si kwamba nilikuwa mwema kuliko yeye, miguu ilikataa. Siku hizo tulizoea kusema kwamba nchi inaozea Nairobi, kwa wakubwa, na tuliwaombea wakubwa hao kila wiki kana kwamba wao ndio walioijaza fomu ile. Ilijazwa na kijana aliyepata kipaimara katika kanisa hilohilo, kwa kalamu ya shule.

Mlolongo wenyewe ulifutwa Desemba 1990. Kabla ya hapo gazeti la Baraza la Makanisa, lililoandika juu ya udanganyifu wa siku ile, lilikuwa limepigwa marufuku, na Aprili 1989 wavamizi walikuwa wameingia usiku nyumbani kwa Askofu Gitari, naye akaokoka. Habari hizo nilizisoma nikiwa chuoni, kwa kuwa mhuri niliupata.

Lakini Jumapili ile, tulipokuwa tukirudi nyumbani kwa miguu, Baba hakuniuliza kwa nini sikwenda Mezani. Tulipita daraja, tukapita shamba la kahawa la jirani, ndipo akasimama ili atoe kijiwe kiatuni.

"Nilikuwa wa ngapi?" aliuliza, akiwa ameinama.

"Mia mbili na kumi na mbili, Baba."

"Nilitaka kujua kama unakumbuka," alisema, akafunga kamba ya kiatu na kuvaa kofia yake.