Majina ya Herufi Ndogo

Mtu akiniuliza ni albamu gani ninayoipenda kuliko zote, ulimi hukimbilia kutaja jina la mwimbaji, ilhali moyoni ninayemfikiria ni mpiga besi. Kwa miaka mingi nilikuwa msikilizaji wa sauti moja tu, ile iliyo mbele, na vingine vyote nilivichukulia kama pazia lililotundikwa nyuma ya jukwaa. Kilichonibadilisha ni jalada la santuri. Siku hiyo nilikuwa nimeketi santuri ikizunguka, sina gazeti wala kitabu cha kusoma, nikaligeuza jalada na kuanza kupitia yale maandishi madogo ya upande wa nyuma ambayo hadi wakati huo niliyaona kama mambo ya kiofisi: nani amepiga nini, nani amepanga ala, nani ameitikia. Tangu siku hiyo sijaweza tena kusikiliza muziki kwa utulivu, kwa sababu kila sauti imekuwa na mwenyewe.

Albamu yenyewe ilikuwa “What's Going On” ya Marvin Gaye, iliyotoka mwezi Mei 1971. Nilibahatika kuanzia hapo, kwani kampuni ya Motown haikuwa na mazoea ya kuwataja kwenye majalada wanamuziki wake wa studio, watu walewale waliokuwa wamepiga vibao vyake kwa zaidi ya miaka kumi, na albamu hii ndiyo iliyowaorodhesha kwa majina. Mmoja wao ni James Jamerson, aliyelipiga gitaa la besi kwa kidole kimoja tu, kidole cha shahada, na ambaye hakupenda kubadilisha nyuzi ilimradi hazijakatika. Inasimuliwa kwamba usiku wa kurekodi wimbo uliobeba jina la albamu, Gaye alimfuata kwenye klabu alikokuwa akipiga, akamleta studio akiwa amelewa kiasi cha kushindwa kukaa kitini, naye akalala chali sakafuni na kupiga hivyo hivyo. Masimulizi ya wanamuziki huongezwa chumvi, nami sitaapa kwamba mambo yalikwenda hivyo kila hatua, lakini besi yenyewe ipo, na ninaweza kueleza ninachokisikia. Mwimbaji anapokaa juu ya neno moja na kulivuta, besi haikai. Inashuka, inateleza pembeni, inagusa noti ambayo hukuitarajia, kisha inarudi nyumbani nusu sekunde kabla ya ubeti kufungwa, kama mtu aliyetoka kidogo wageni wakiwa bado wanasalimiana na kurudi kabla hajaulizwa yuko wapi.

Katika wimbo huohuo sauti ya Gaye inajijibu yenyewe, na nilipojua sababu nilicheka. Alikuwa amerekodi sauti ya kuongoza mara mbili ili achague iliyo bora, fundi akazicheza zote mbili kwa pamoja kimakosa, na Gaye akapenda alichokisikia hata akaufanya kuwa mtindo wake kwa miaka iliyofuata. Saksafoni inayoufungua wimbo nayo ni ya Eli Fontaine, ambaye alikuwa akijaribu tu ala yake, akaambiwa kwamba kazi yake imekwisha na anaweza kwenda. Mimi nilikuwa nimeishi na saksafoni ile kwa miaka nikidhani ni matokeo ya mazoezi ya wiki nzima.

Hata hivyo kusoma majina kuna adhabu yake. Nilipokwisha kumpenda Jamerson, nilianza kumsifia kila besi ya albamu ile, na niliwahi kumweleza rafiki yangu kwa kirefu namna mtu yuleyule anavyobadilika kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, mwanzoni akizungumza sana na mwishoni akiwa mkali na mfupi wa maneno. Kumbe besi ya wimbo wa mwisho, pamoja na ya ule unaolilia mazingira, ilipigwa na Bob Babbitt. Hakuna aliyebadilika, walikuwa watu wawili. Nilijifunza kwamba ukishampa mtu sifa, masikio yako yataendelea kumtafuta hata mahali asipokuwepo.

Aibu kubwa zaidi niliipata kwa “Catch a Fire” ya The Wailers, ya mwaka 1973. Wimbo wa kwanza wa albamu hiyo, “Concrete Jungle”, una gitaa la solo katikati ambalo linapanda polepole, linashikilia noti moja hadi inaanza kulia yenyewe, halafu linaachia. Nililibeba gitaa hilo kama ushahidi katika mabishano yangu yote kuhusu Peter Tosh, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi hiyo pamoja na Bob Marley. Nilisema, na nilisema kwa sauti kubwa, kwamba mtu anayeweza kupiga vile hawezi kuitwa msaidizi wa Bob Marley. Ninaendelea kuamini kwamba Tosh hakuwa msaidizi wa mtu, lakini gitaa lile si lake. Lilipigwa London na Wayne Perkins, Mmarekani kutoka Alabama, baada ya Chris Blackwell, mwenye kampuni ya Island iliyoitoa albamu hiyo, kuzipeleka kanda huko kutoka Jamaika na kutaka ziongezewe ladha ambayo wapenzi wa roki wangeielewa. Perkins alikuwa mgeni kabisa wa reggae, na jina lake halikuandikwa kwenye jalada la kwanza, hivyo hata msomaji wa herufi ndogo kama mimi hakuwa na pa kuanzia.

Mwaka 2001 lilitoka toleo ambalo ndani yake mna kanda za Jamaika jinsi zilivyokuwa kabla ya kuongezewa chochote, na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo namshauri kila mpenzi wa muziki alifanye walau mara moja: nilivaa vipokea sauti vya masikioni na kuusikiliza wimbo huohuo katika matoleo yote mawili, moja baada ya jingine, nikirudia kwa jioni nzima. Katika kanda ya Jamaika, mahali pa gitaa lile pana uwazi, na ndani ya uwazi huo ndipo unapowasikia watu wawili, Robbie Shakespeare kwenye besi na Carlton Barrett kwenye dramu. Carlton anaacha pigo la kwanza litupu na kulitua teke la dramu kubwa kwenye la tatu. Shakespeare naye hana haraka ya kulijaza pengo, anasubiri hadi wewe msikilizaji unaanza kuegemea mbele. Siwezi kusema kwamba toleo la London ni baya, maana gitaa la Perkins bado linanisisimua, na huo ndio ukweli hata kama baadhi ya wenzangu wanauona kuwa usaliti. Ila sasa ninapolisikia najua limewekwa juu ya kitu gani, na masikio yangu hulipita yakashuka chini.

Kuhusu “Kind of Blue” ya Miles Davis sitasema mengi, kwa kuwa albamu ya mwaka 1959 ambayo kila mtu ameisifu haihitaji sifa zangu. Nitataja tu kwamba wimbo mmoja, “Freddie Freeloader”, una mpiga piano tofauti, Wynton Kelly, wakati nyingine zote alipiga Bill Evans, na kwamba ukishajua hivyo utashangaa uliwezaje kutosikia. Kelly anatabasamu anapopiga. Evans anawaza. Evans pia alidai hadi mwisho kwamba “Blue in Green”, uliosajiliwa kwa jina la Davis, ulikuwa utunzi wake, na kila ninapoisikia piano ya mwanzo wa wimbo huo naona ugumu wa kutomwamini.

Madai ya namna hiyo mara chache hufika mahakamani, na kwa sababu hiyo kisa cha Clare Torry kinanigusa. Mwezi Januari 1973, siku ya Jumapili, aliitwa kwenye studio za Abbey Road kuimba juu ya piano ya Richard Wright katika albamu ya Pink Floyd, “The Dark Side of the Moon”. Hakupewa maneno wala melodia. Alielezwa tu kwamba wimbo unahusu kifo, akaambiwa aimbe. Alijaribu kuweka maneno ya kawaida ya mapenzi, wakamkataza, basi akaamua kuifanya sauti yake iwe ala. Alilipwa pauni 30, kwa kuwa Jumapili ujira ulikuwa maradufu, akaenda nyumbani akidhani kazi yake haitatumika. Jina lake liliwekwa kwenye jalada kama mwimbaji, lakini mtunzi akaandikwa Wright peke yake. Mwaka 2004 alikwenda mahakamani, na mwaka 2005 wakapatana nje ya mahakama. Tangu hapo matoleo mapya yanamtaja kama mtunzi mwenza. Kwangu mimi swali lilijibiwa zamani na masikio. Ondoa sauti ile, kinachobaki ni piano nzuri yenye huzuni ambayo ungeisahau. Katikati ya wimbo, baada ya vilio vya mwanzo, anashuka hadi mnong'ono, na ukisikiliza kwa makini unamsikia anavuta pumzi kabla ya kupanda tena. Pumzi ile hakuna aliyemtungia.

Fela Kuti wa Nigeria alikuwa mkali kwa wanamuziki wake, akimwelekeza kila mmoja cha kupiga, kuanzia magitaa hadi matarumbeta, isipokuwa mtu mmoja. Tony Allen alijitungia mwenyewe dramu zake. Katika “Zombie”, ambao unachukua upande mzima wa santuri, magitaa yanarudia kifungu kilekile dakika baada ya dakika, na mtu asiyezoea anaweza kudhani kwamba dramu nazo zinarudia. Hazirudii. Mfuatilie Allen peke yake kwa dakika 3 tu, uache kila kingine kipite, na utagundua kwamba mikono na miguu yake minne inafanya mazungumzo manne, hakuna anayemkatiza mwenzake. Alipoondoka kwenye bendi mwishoni mwa miaka ya 1970 Fela aliendelea kutoa kazi kubwa, nami ninazo na ninazipenda, ila ninapozisikiliza huwa najikuta nikimngojea mtu ambaye hayupo.

Katika rumba ya Kongo mambo ya majina yalitatuliwa kwa njia nyingine, njia ambayo naiona bora kuliko jalada lolote: jina hutajwa ndani ya wimbo wenyewe. Sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa hushika uongozi, inapokaribia, mwimbaji anamwita mpiga solo kwa jina, naye anaingia, na kuanzia hapo hakuna wakili wala fundi anayeweza kulifuta jina hilo bila kuuharibu wimbo. Nimejifunza majina mengi ya wapiga gitaa kwa njia hiyo kabla sijaona hata picha zao. Baadaye, nakiri, desturi hiyo iliota pembe; yakaingia mabanga, majina ya wafadhili na matajiri waliolipa ili watajwe, hadi nyimbo nyingine zikawa kama orodha ya wachangiaji wa harusi. Ninazo albamu mbili tatu za miaka ya karibuni ambazo nimeziacha kwa sababu hiyo tu, ingawa magitaa yake ni matamu.

James Brown naye alikuwa na tabia ya kuwaita watu wake kwenye maikrofoni, na katika “Funky Drummer”, uliorekodiwa Novemba 1969, anawaambia wenzake wote wanyamaze wamwachie nafasi mpiga dramu. Kinachofuata ni sekunde 20 hivi za Clyde Stubblefield akiwa peke yake. Sekunde hizo zimekatwa na kubandikwa katika nyimbo nyingi za hip hop kiasi kwamba hata asiyemjua James Brown amewahi kuzitikisia kichwa. Stubblefield, ambaye hakuandikwa kuwa mtunzi, hakupata mirabaha kutokana nazo, akafariki mwaka 2017. Mimi mwenyewe nilizisikia kwa miaka ndani ya kazi za watu wengine kabla ya kukutana nazo katika albamu ya “In the Jungle Groove”, na nilipozifikia nilihisi kama nimemkuta mtu ambaye nimekuwa nikivaa nguo zake bila kumjua.

Siku hizi nasikiliza sehemu kubwa ya muziki kupitia simu, na kwenye skrini naona picha ndogo ya jalada, jina la wimbo na jina la msanii mmoja. Mara nyingine majina ya watunzi yamefichwa nyuma ya vitufe viwili vitatu. Ya wapiga ala mara nyingi hayapo. Kwa hiyo nina daftari. Ninaposikia kitu kinachonishika, naandika jina la wimbo na dakika yenyewe, kisha natafuta hadi nimpate aliyekifanya. Baadhi ya mistari ina miaka na bado haina jina mbele yake.

Mstari wa kwanza wa daftari hilo unahusu “Gimme Shelter”, unaofungua albamu ya “Let It Bleed” ya The Rolling Stones, ya mwaka 1969. Dakika ya tatu inapoanza, mwanamke anayeimba pamoja na Mick Jagger anaipandisha sauti hadi inapasuka, anairudia, inapasuka tena, na nyuma yake anasikika mtu akipiga ukelele wa mshangao ambao haukupangwa na wala haukufutwa. Ni Merry Clayton, aliyeamshwa usiku wa manane mjini Los Angeles akiwa mjamzito, akaja studio na vibiringisho vya nywele bado viko kichwani. Jalada la kwanza la albamu hiyo liliandika jina lake “Mary”. Nakala ninayoitumia ni ya zamani na ina kosa hilohilo. Nimelisahihisha kwa penseli, kwa herufi ndogo kama zile zilizochapwa.