Kompyuta ya Mezani Isiyoisikia Ruta katika Nyumba ya Matumbawe

Kwa wiki tatu kompyuta yetu ya mezani, iliyoko katika chumba cha nyuma cha nyumba ya familia hapa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, ilikuwa ikiupata mtandao na kuupoteza bila utaratibu wowote, ilhali simu zilizowekwa juu ya meza ileile hazikuwa na shida. Mpwa wangu, ambaye hujisomea hapo kila jioni, alikuwa akiniita karibu kila siku: "Mjomba, umekata tena." Fundi tuliyempelekea mashine alishauri Windows ifutwe yote na kusakinishwa upya. Tulimlipa, tukapoteza na baadhi ya mafaili ya masomo ya kijana, na usiku uleule tatizo likarudi. Jambo hilo liliniuma, na ndiyo maana safari hii niliamua kutogusa chochote kabla ya kujua hasa mawasiliano yanakatikia wapi.

Mtandao usio na waya hupita hatua kadhaa, na kila hatua inaweza kupimwa peke yake. Nilianza kwa kuangalia kama kompyuta inaitambua adapta ya Wi-Fi, kifaa kidogo cha kupokea mtandao usio na waya, iliyochomekwa kwenye tundu la USB, nayo ilikuwamo katika orodha ya vifaa bila alama yoyote ya hitilafu, kwa hiyo draiva, yaani programu inayokiendesha kifaa hicho, haikuonekana kuwa na kosa. Kisha nikaandika amri ya ipconfig, inayoonyesha anwani ya kompyuta kwenye mtandao. Mara nyingine kompyuta ilikuwa na anwani inayoanza na 192.168, yaani iliyopewa na ruta, kifaa kinachosambaza mtandao nyumbani, na mara nyingine ilikuwa na anwani inayoanza na 169.254, ambayo kompyuta hujipa yenyewe baada ya kuomba anwani na kukosa jibu. Hapo nikaacha kabisa kujaribu tovuti, nikaitumia amri ya ping, inayopima kama kifaa kinajibu na kwa muda gani, kwa ruta yenyewe. Kama ruta ingejibu vizuri lakini 8.8.8.8, anwani ya Google iliyo nje kwenye intaneti, isijibu, ningemtilia shaka mtoa huduma au bando. Na kama 8.8.8.8 ingejibu lakini majina ya tovuti yasifunguke, ningeikagua DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Ila ruta, iliyo sebuleni, vyumba viwili tu kutoka hapo, ilijibu kwa milisekunde 3, kisha kwa 900, kisha ikanyamaza. Ugonjwa ulikuwa ndani ya nyumba, kati ya adapta na ruta.

Mtu wa Bagamoyo atazilaumu kuta mara moja, na hatakuwa amekosea sana. Kuta za matumbawe na chokaa ni nene, hunyonya unyevu wa bahari, na maji hudhoofisha mawimbi ya redio. Tena masafa ya Wi-Fi ya 5 GHz, pamoja na kasi yake, hupenya ukuta kwa shida kuliko ya 2.4 GHz. Lakini ukuta uleule ulikuwa mbele ya simu, na simu zilikuwa zikifanya kazi. Swali lililobaki ni nini kinachoitofautisha adapta na simu iliyo hatua moja kutoka hapo, na jibu nililipata nilipopiga magoti na kuchungulia chini ya meza.

Adapta ilikuwa imechomekwa nyuma ya sanduku la kompyuta, karibu kabisa na sakafu, na sanduku lenyewe, ambalo ni la chuma, lilikuwa limesimama katikati yake na ruta. Pembeni yake, kwenye tundu jirani la bluu, kulikuwa na diski ya nje ya USB 3.0. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilichapisha maelezo yanayoonyesha kwamba vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele ya redio katika eneo lilelile la 2.4 GHz, kelele inayoweza kuifunika ishara dhaifu ya kifaa kilicho karibu. Hilo ndilo lililoeleza kwa nini mtandao ulikatika zaidi jioni, wakati mpwa wangu anaponakili masomo yake kwenye diski.

Nilinunua kebo ya USB ya kurefusha, nikaichomeka kwenye tundu la USB 2.0 la mbele, nikaipandisha adapta juu ya kabati mahali ambapo panaelekea mlango ulio wazi, na si ukuta. Amri ya netsh wlan show interfaces, ambayo awali ilikuwa ikionyesha nguvu ya ishara ya asilimia 38, sasa ilionyesha 81, na ruta ikawa inajibu kwa milisekunde 2 hadi 5 hata diski inapofanya kazi. Ruta nayo niliihamisha kutoka chaneli (kipande cha masafa) ya 4 kwenda ya 11, kwa kuwa katika 2.4 GHz ni chaneli 1, 6 na 11 zinazoweza kutumika pamoja bila kuingiliana, na majirani wengi walikuwa kwenye 1 na 6. Mabadiliko haya ya pili yalisaidia kidogo tu.

Siku chache baadaye, baada ya umeme kukatika, mpwa wangu aliniita tena: Wi-Fi imeunganika, lakini kila tovuti inakataa kufunguka, kwa onyo kwamba si salama. Nilitazama pembeni mwa skrini, nikaona tarehe imerudi nyuma miaka mingi, na vyeti vya usalama vya tovuti havikubaliki kwa tarehe isiyo sahihi. Betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao mkuu ilikuwa imekwisha. Tuliibadilisha, tukarekebisha saa, na kijana akaendelea kusoma.