Mradi wangu wa ovadraivu: distosheni tamu bila amplifaya ya gitaa

Naandika hapa ili vipimo visipotee, maana karatasi kwangu hazikai, watoto wanachorea.

Mazingira kwanza. Napiga gitaa la solo kwenye bendi ndogo hapa Dar, Jumamosi ni harusi au ukumbi, Jumapili nipo kanisani, na karibu sehemu zote hizo hakuna amplifaya ya gitaa. Unafika, fundi mitambo anakupa kebo, unachomeka kwenye miksa moja kwa moja, basi, kazi ianze. Kwa sebene wala haina neno, gitaa likiwa klini na korasi kidogo na delei linalia vizuri tu. Sasa washa distosheni, ile pedali inayoichana sauti ya gitaa makusudi, uone, zinatoka kelele kama nyuki wamefungiwa kwenye kopo, mpaka mpiga besi wetu anageuka ananiuliza, "Kaka, hilo gitaa limemeza nini leo?"

Watu wengi wakifika hapo wanakimbilia kununua pedali nyingine ya bei kubwa zaidi, na mimi nilikuwa na huo mpango, ila ukikaa chini ukafikiria unaona pedali haina kosa. Hizi pedali zilitengenezwa zikijua mbele yake kuna spika ya gitaa, na spika ya gitaa ile ya inchi 12 haitoi kila kitu, ikifika kilohezi 5 hivi inaanza kuporomoka vibaya. Ule ukali wote wa juu unaozalishwa na distosheni unafia palepale kwenye spika. Spika za ukumbi zina twita, vile vispika vidogo vya sauti kali, hazifichi kitu, kila uchafu wa kilohezi 8, 10, 12 unaenda straiti masikioni kwa watu. Kwahiyo mradi ukawa na vipande viwili, ovadraivu yenyewe (distosheni ya mkato laini), halafu kichujio cha mwisho kinachofanya kazi ya spika. Kuna pedali za kiwandani za kuigiza kabineti, yaani boksi la spika ya gitaa, na ni nzuri sana, mwenye hela anunue, mimi nataka kujenga.

Jumamosi, Kariakoo na sabufa mbovu

Sakiti niliyochagua ni ya Tube Screamer, ile pedali ya ovadraivu ya kijani ya Ibanez. Sababu ni kwamba ni rahisi, imechambuliwa mpaka mifupa, na moyo wake ni chipu ya 4558 ambayo mtaani imejaa. Ukifungua sabufa au amplifaya ya bei rahisi iliyokufa una nafasi kubwa ya kuikuta imekaa pale kwenye boadi ya volyumu na besi. Ya kwangu nimeing'oa kwenye sabufa ya jirani iliyoungua transfoma, na ina maandishi JRC4558D kabisa, watu huko nje wanaitafuta hiyo kama dhahabu, jirani kaniambia chukua hata spika zake. Resista, kapasita na dayodi za 1N4148 nimepata Kariakoo, bei ya soda.

Ndani ya Tube Screamer dayodi zimekaa kwenye njia ya kurudisha sauti ya chipu, hazimwagi sauti kwenye athi (upande wa sifuri wa sakiti) kama zile za pedali za DS-1 au RAT. Ndiyo maana mkato wake, yaani vile vilele vya sauti vinavyokatwa, ni laini, na sauti klini ya gitaa bado inapita chini kwa chini, ukipiga taratibu inasikika na ukikandamiza inachanika. DS-1 na RAT zinaikata sauti ikiwa imeshakuzwa tayari, mkato mkavu, ndiyo maana zinaitwa distosheni. Halafu kwa mwenye RAT, ile nobu ya Filter inafanya kinyume na ulivyozoea, ukizungusha kulia ndiyo inazidi kuwa nzito, nimeona jamaa wengi wanailaumu pedali bure.

Katikati ya wiki, kapasita moja

Hapa ndipo nimekaa muda mrefu kuliko sehemu zote. Kwenye ile sakiti kuna resista ya kilo-ohm 4.7 na kapasita ya maikrofaradi 0.047 zinazoamua besi kiasi gani iingie kwenye mkato. Hesabu yake inatoka hezi 720 hivi, yaani chini ya hapo gitaa linakuzwa kidogo kidogo. Ndiyo ule mlio wa Tube Screamer ambao watu wanasema una pua. Ukipiga peke yako chumbani unauona mwembamba, unatamani unene, kwahiyo nikabandika 0.1, inashuka mpaka hezi 340 hivi, na chumbani ilikuwa raha tupu jamani, gitaa limejaa kama la kwenye rekodi.

Nikapeleka mazoezini. Besi ipo, kinanda kipo na mpiga kinanda wetu mkono wa kushoto haumtulii, hiyo 0.1 ikazama yote, gitaa likawa ngurumo isiyo na noti. Nikarudisha 0.047, likachomoza lakini likawa jembamba kidogo kwa gitaa langu maana pikapu zake ni singo koili. 0.068 ndiyo imekaa, karibu hezi 500, na hiyo nimeichomelea moja kwa moja haitoki tena. Kwa bendi yenye kinanda mimi siku hizi nasikiliza mlio mazoezini tu, chumbani kunadanganya.

Dayodi nimeweka swichi ya pozi tatu. Upande mmoja 1N4148 mbili zimetazama kule na moja imetazama huku, mkato usio sawa kama wa pedali ya Boss SD-1, una ukali fulani mtamu. Upande wa pili taa mbili nyekundu za LED. Dayodi ya kawaida inaanza kukata kwenye volti 0.6 hivi, LED nyekundu inasubiri mpaka 1.7 na kitu, kwahiyo sauti inakuwa kubwa zaidi, haibanwi sana, na vidole vyako vinasikika. Katikati hakuna dayodi kabisa, chipu inajikatia yenyewe, kelele tupu ila kwa solo ya mwisho wa wimbo siyo mbaya.

Jumapili jioni, kichujio

4558 ina amplifaya mbili ndani ya chipu moja, kwahiyo chipu ya pili niliyoitoa kwenye sabufa ileile imetosha. Sauti inapita resista ya 4.7k na kapasita ya nanofaradi 6.8 kwenda athi, hiyo ni karibu kilohezi 5, inaingia nusu ya kwanza ya chipu, halafu inarudia tena vilevile kwenye nusu ya pili, ndipo inaenda miksa. Hatua moja haitoshi, nyuki wanapungua lakini wapo, mbili ndiyo unaanza kusikia gitaa. Haifikii kabineti ya kweli, ile ina mabonde na milima yake, ila fundi mitambo wa kanisani ambaye huwa ananizima bila kuniuliza, safari hii aliniacha mpaka mwisho wa ibada.

Kuhusu umeme, adapta ya ruta msiiguse kabla ya kupima na mita. Pedali nyingi zinataka volti 9 na hasi iwe katikati ya pini, adapta nyingi za ruta katikati ni chanya. Na zile za simu zilizobadilishwa zinaleta mluzi, distosheni inakuza kila kitu pamoja na huo mluzi.

Wiki hii, kwenye nyimbo

Mpiga ridhimu wetu aliomba apewe pedali apige sebene nayo, tukajaribu, ikakataa, na sababu yake naipenda sana. Ukipiga noti mbili kwenye distosheni zinazaa noti ya tatu, ambayo ni tofauti yao. La ya hezi 220 na Mi ya 330, tofauti ni 110, ambayo ni La ileile oktavu moja chini, kwahiyo ile kodi (chord) ya noti mbili ya muziki wa rock inasikika nzito na tamu. Sasa sebene inaishi kwenye noti za tatu tatu, yaani noti moja na ile ya tatu kutoka kwake kwenye ngazi. La ya 220 na Do diyezi ya 277, tofauti ni 57, wakati La ya oktavu mbili chini ni 55. Zinapishana, unasikia mkwaruzo unatetemeka chini. Sakiti uibadilishe utakavyo, huo mkwaruzo upo. Kwahiyo sebene ni klini, pedali inasubiri.

Setingi ninayopiga nayo sasa ni geini saa tatu tu (nobu inatazama kushoto), chini kuliko watu wanavyodhani, level juu, toni katikati, dayodi upande wa LED. Nikitaka uchafu zaidi naisukumia pedali ya distosheni iliyopo mbele yake, ovadraivu inakata besi na kupandisha sauti, ya mbele ndiyo inachanika. Ndiyo kazi Stevie Ray Vaughan, mpiga gitaa wa blues wa Marekani, aliyoipa Tube Screamer kwenye amplifaya za valvu (zile taa za kioo), sisi valvu hatuna tunasukuma pedali kwa pedali. Nikitaka klini sizimi kitu, nashusha volyumu ya gitaa mpaka 6, inatulia yenyewe. Delei inakaa baada ya zote, ukiiweka kabla mwangwi wote unachanika.

Kilichobaki ni boksi. Saizi hii sakiti ipo kwenye kontena la plastiki la chakula, na plastiki haizuii kelele za nje, taa za ukumbi zikipunguzwa mwanga nasikia zzz. Nina ofa ya bati la alumini kwa fundi mmoja wa madirisha, akishalikunja nitaunganisha athi kwenye bodi yake na kupima tena hiyo zzz.