Kidonge cha Saa Tisa Usiku

Januari, joto la kaskazi limekolea hapa Mombasa, mama mkwe akanikuta sebuleni nimejitanda leso mbili na feni nimeizima. "Mwanangu, kwani u mja mzito?" Sikuwa. Ilikuwa thairoidi, ile tezi ya shingoni, imelala.

Jibu la damu lilisema homoni iitwayo TSH ni 38, na kawaida haipiti 4 hivi. Nikadhani nina homoni nyingi mno. Kumbe TSH haitoki shingoni. Hutoka kwenye pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo, ndogo kama punje ya mbaazi, na kazi yake ni kuiita thairoidi itoe homoni. Ni kama mama wa Kibokoni anayemwita mwanawe dirishani: mtoto asipoitika, sauti hupanda. Basi 38 ilikuwa mayowe. Kinga ya mwili wangu mwenyewe ilikuwa imeishambulia thairoidi, haikuwa na cha kuitikia. Na homoni yake ndiyo inayopanga mwili uchome chakula kwa kasi gani, ndiyo maana ya ile baridi, choo kigumu na uso kuvimba. (Mama mkwe aliitazama shingo yangu akitafuta rovu, hakuliona. Si lazima liwepo.)

Nikaandikiwa levothairoksini, kidonge cha homoni ya thairoidi iliyotengenezwa, mikrogramu 100, nimeze asubuhi kwa maji matupu, nusu saa kabla ya kula. TSH ikashuka hadi 3.

Ramadhani ikaingia. Nikawa nakimeza wakati wa daku, nakifuatishia chai ya maziwa na kidonge cha kuongeza damu. Baada ya Idi, TSH 11! Daktari hakuongeza dozi, aliniuliza tu nameza na nini. Kalsiamu ya maziwa na madini ya chuma hukinasa kidonge tumboni kisiingie damuni.

Mwaka uliofuata nilijaribu kumeza magharibi, wakati wa kufungua. Lakini ni nani atakayekaa nusu saa mbele ya viazi karai na kaimati akizitazama tu? Nikatega kengele saa tisa na robo usiku, gilasi ya maji kando ya kitanda. Nameza, narudi kulala, daku saa kumi. Kidonge cha damu nikakihamishia baada ya tarawehe. Sikukimbilia kupima, maana homoni hii hutoka mwilini polepole, nusu yake huchukua kama wiki nzima. Nilipimwa wiki sita tangu mwezi uandame: 2.6.

Mume wangu bado hushtushwa na kengele ile, akaenda jikoni kutafuta daku.