Tulivyopata kibali cha kutengeneza nyumba ya urithi Mji Mkongwe

Nyumba yetu iko Kiponda, Unguja, na warithi tumetawanyika. Kabla ya ramani nilikusanya saini za wote, hata ya shangazi aliyeko Muscat. Anzeni hapo, jamaa zangu, maana ugomvi wa mirathi ukizuka katikati, kazi husimama na nyumba huzidi kuoza.

Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na kibali cha kubadilisha nyumba hutolewa na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Nilikwenda kwanza na picha za kila chumba, nikaomba ofisa aje aone. Alikuja, akapanda hadi juu, akagonga boriti moja moja. Boriti zetu, miti inayobeba sakafu na paa, ni za mikoko, na ni fupi, hazivuki upana mkubwa. Ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Akanionyesha ncha zilizoingia ukutani: zimelainika kama mkate uliorowa, kwa maji ya bomba lililofichwa humo ndani.

Hapo maombi yetu yakabadilika. Choo kipya kilichopangwa upande wa njiani tukakihamishia uani, juu ya choo cha zamani, bomba lishuke wazi ili likivuja lionekane. Chumba cha ziada tulichotaka kujenga juu ya paa tukakiacha. Shangazi hakufurahi, lakini mimi naona ni haki. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zina kikomo, na sote tuliona sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la kale la hapa Mji Mkongwe, ilivyoporomoka Desemba 2020.

Lipu ndiyo iliyotaka mazungumzo marefu. Fundi kijana alipendekeza saruji kwa kuwa hukauka upesi. Mzee mmoja, fundi wa chokaa, akanishika mkono: "Mwanangu, ukuta huu unapumua. Ukiuziba kwa saruji, unyevu utakosa pa kutokea, utaula kwa ndani." Basi tukaandika wenyewe kwenye maombi: lipu ya chokaa, boriti za mikoko badala ya zilizooza, madirisha ya mbao kwa vipimo vilevile. Kibali kilipotoka, masharti yake yalikuwa karibu yaleyale.

Kwa boriti, nunueni kwa muuzaji mwenye ruhusa ya misitu, kwani ukataji wa mikoko una sheria yake, na risiti mziweke pamoja na kibali.