Kulala ndani ya motoka Zambia: siku za kwanza za bibi na bwana

Wandugu wa Lubumbashi munaotaka kuvuka mpaka wa Kasumbalesa na minibasi yenye kitanda, muchunge sana siku za kwanza. Kule wanaendesha kushoto, na usukani wetu uko kushoto vilevile. Dereva akiwa nyuma ya kamiyo haoni kitu. Anayekaa kuume ndiye macho yake. Patana maneno mawili tu, "subiri" na "pita". Jibu lisiposikika vizuri, mutu asipite.

Taa zetu zinatupa mwanga kuume, kwa hiyo usiku zinawachoma macho wanaokuja. Simamisha motoka mita 5 mbele ya ukuta, kisha bandika skochi nyeusi kwenye kioo cha taa mpaka ule mwanga unaopanda kuume upotee. Hata hivyo, jua likizama mupaki.

Bima ya gari ya COMESA (umoja wa biashara wa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), ile kadi ya njano, iwe mkononi kabla ya mpaka, na pembetatu 2 za kuonya ndani ya gari.

Betri ya asidi ya vyombo vya ndani, ya Ah 100 (kipimo cha umeme unaowekwa ndani yake), inakupa Ah 50 tu. Ukipita hapo unaiua. Frigo ndogo inaweza kumaliza hizo kwa siku moja, basi betri ya kuwasha injini isiunganishwe nayo kabisa.

Mwezi wa sita na wa saba baridi ni kali. Tafadhali, musiingize mbabula (jiko la makaa) ndani, hata kama makaa yameiva na hayatoi moshi. Gesi yake haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Vaeni blanketi mbili, dirisha libaki wazi vidole viwili. Likifungwa, pumzi zenu zitalowesha godoro.